Tahajia ya Jina la Kubuni

Tuseme kijana wa Garsen anatunga hadithi kwa Kiingereza. Mahali pa hadithi ni kijiji kisichopatikana katika ramani yoyote, kando ya Mto Tana, chenye miembe na mashamba ya mpunga, naye amekibunia jina: Pfalani. Jina lina sauti ya nyumbani, kwa maana Wapokomo katika lugha yao hujiita Wapfokomo, na hiyo pf ni sauti yao halisi. Lakini kalamu yasita. Mwingereza atalisomaje? Huenda akaimeza ile p, kisha akatamka "Faleni". Basi kijana afuta, aandika Falahnee, na kudhani ameyaokoa matamshi.

Mimi naona ameyauza, tena kwa bei ndogo. Mpe jina hilo msomaji wa Ngao au wa Hola aliyeizoea tahajia yetu: ataitamka h katikati, na mwishoni atatoa e mbili. Jirani amefanywa mgeni kijijini kwao ili mgeni ajione mwenyeji! Na ile pf, iliyokuwa roho ya jina, haimo tena. Hata huyo mgeni hakupata hakika aliyoahidiwa, kwani Kiingereza chenyewe huandika though, through na cough kwa herufi zile zile nne za mwisho, na kila neno lina sauti yake. Mwenye kutafuta njia katika tahajia ya namna hiyo ni kama mwenye kuuliza njia kwa aliyepotea.

Sisemi kwamba tahajia ya Kiswahili ilishuka kutoka mbinguni. Wamisionari wa karne ya 19 waliziandika konsonanti zake, kama ch na sh, kwa kufuata Kiingereza, na irabu kwa mfano wa Kiitaliano. Kisha Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ikaisanifisha. Nao Wajerumani waliandika Kilimandscharo, kwa faida ya macho yao. Ila tofauti ni hii: tahajia yetu, ingawa ilianza kwa mikono ya wageni, ina kanuni moja kwa maneno yote, na mtoto akiisha kuijua husoma hata neno ambalo hajalisikia. Falahnee haina kanuni; ni dawa ya neno moja.

Lipo jina la kubuni lililo maarufu kuliko yote kwetu. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na Oktoba mwaka huo jina Tanzania likatangazwa. Waingereza wengine wakaweka mkazo kwenye za, kama wafanyavyo katika Tasmania. Sisi huuweka kwenye ni. Je, ingalifaa kuandika Tanzaneea ili kuwaongoza? Nchi ingalibeba kosa la wengine katika stempu zake zote. Fikirini pia Kenya: wakoloni wengi waliita "Kiinya", na baada ya uhuru wa 1963 matamshi yetu yakashinda hata vinywani mwa Waingereza, pasipo kubadilishwa herufi hata moja. Wenyeji walilitamka kwa namna yao mbele ya dunia, na dunia ikafuata.

Kwanzaa ni habari nyingine. Maulana Karenga alipoianzisha sikukuu hiyo Marekani mwaka 1966, a ya pili iliongezwa ili herufi ziwe saba, kwa ajili ya watoto saba. Sababu hiyo ina upendo ndani yake, nami siigombi, ingawa sikioni mwa Mswahili mkazo umehama kutoka kwa hadi nza.

Kijana wetu basi aandike Pfalani. Mwandishi wa hadithi ana njia nyingi kuliko herufi. Amlete mgeni darajani Garsen (na hata Garsen, kwa Kiingereza cha London, hupoteza r yake), amwulizishe njia ya Pfalani, naye alitamke vibaya mbele ya watoto wauza maembe. Wamcheke, wamfundishe, ashindwe na pf mara ya kwanza na ya pili; naye msomaji aliyeko mbali, akiwa peke yake chumbani, ajaribu pamoja naye.