Kimya kabla ya sagaa

Mvua ya mawe ya Kericho haina adabu. Ilishuka saa tisa na nusu alasiri juu ya mabati ya kibanda kimoja cha video pale Litein, wakati huo huo M'Baku akijitokeza kwenye maporomoko kumpinga T'Challa, mrithi wa ufalme wa Wakanda, asitawazwe. Maneno yote yakamezwa. Kilichopenya ni mibweko tu ya watu wake, hu, hu, hu, na vijana waliotoka kuchuna chai, aproni zao za plastiki zikichuruza maji sakafuni, wakaanza kuitikia. Hakuna aliyesikia lalama yake kwamba teknolojia ya Wakanda amekabidhiwa mtoto. Hata hivyo kila mtu alishamjua ni mtu wa aina gani.

Filamu hiyo, Black Panther ya Ryan Coogler, ilitoka 2018. Kisumu walipata onyesho la heshima Februari ya mwaka huo, kwa ajili ya Lupita Nyong'o, binti wa Gavana Anyang' Nyong'o. Sisi wa huku juu kwenye chai tuliipata kwa flashi, na wengi wetu kupitia mdomo wa msimulizi. Kazi hiyo Kenya nzima inaijua kwa jina la DJ Afro, Tanzania walikuwa na Lufufu, Uganda wana VJ Jingo. Msimulizi hatafsiri. Anakaa katikati ya picha na mtazamaji, anawabatiza wahusika upya, anaamua nani achekwe. Ndiyo maana hapa ubishi kuhusu mashujaa wa sinema, kwamba huyu amefanywa mcheshi mno au yule amenuna mno, huwa na mshtakiwa wa ziada.

M'Baku ndiye anayebishaniwa kuliko wote, nami naona ndiye aliyetengenezwa kwa ufundi zaidi. Katika komiki alizaliwa 1969, toleo la 62 la Avengers, mikononi mwa Roy Thomas na John Buscema. Alipewa jina la Man-Ape, mtu-nyani, na nguvu zake zilitokana na kumuua sokwe mweupe, kuoga damu yake na kula nyama yake. Mwafrika anayenguruma ndani ya ngozi ya nyani: ukimhamishia kwenye skrini jinsi alivyo, umetukana bara zima.

Coogler hakumfuta sokwe. Alilitupa lile jina, akamwacha sokwe awe kitu cha kuabudiwa, kisha ngurumo akaipa kazi. Tazama pale Everett Ross, jasusi wa CIA, anapojaribu kuzungumza mbele ya kiti cha M'Baku kule kwenye theluji. Wajabari, watu wa M'Baku wa mlimani, wanabweka. Anajaribu tena, wanabweka tena, mpaka anafunga mdomo. Kilichokuwa alama ya unyama katika komiki kimegeuka kanuni ya baraza. Mzee mmoja nyuma yangu alilielewa hilo kabla yangu. Alisema huyo mzungu amesimama kwenye kokwet, baraza la kijiji la Wakipsigis, bila kupewa nafasi ya kusema.

Halafu M'Baku anamwonya Ross kwamba akitamka neno moja zaidi atageuzwa chakula cha watoto wa M'Baku. Kimya. Uso wa Ross umekauka. Ndipo anapocheka na kusema anatania, wao hawali nyama. Anayeijua komiki anaona kisu kilivyogeuzwa: mla nyama ya sokwe amekuwa mla mboga. Asiyeijua anacheka vilevile, kwa kuwa kicheko kimetoka kwa mwenye kiti na kimemwangukia mgeni.

Kila kitu hapo kinasimama juu ya kile kimya, na msimulizi wetu alikijaza. Mdomo wake haujazoea kupumzika. Alimwaga maneno juu ya uso wa Ross na mzaha ukafa. Watu wawili walicheka, kwa heshima nadhani. Jumapili iliyofuata alirudia filamu ile ile, na safari hii alinyamaza. Alihesabu kichwani, niliona midomo ikitikisika, kisha akasema taratibu: watoto wangu wanakula mboga ya sagaa peke yake. Benchi moja lilianguka.

Linganisha na Thor: Ragnarok ya Taika Waititi, ya 2017. Asgard inapasuka, watu wanatazama kwao kukiteketea, naye Korg, rafiki wa Thor, anawafariji kwamba maadamu msingi upo watajenga upya. Msingi unalipuka, anaomba radhi. Nilicheka, sikatai. Lakini mzaha huo umetua juu ya matanga, na yule anayetaka kuomboleza ameachwa bila mahali pa kukaa. Wa M'Baku haumnyang'anyi mtu kitu isipokuwa Ross.

Halafu kuna lafudhi. Kutumia Kixhosa kulitoka kwa mwigizaji John Kani walipokuwa wakitengeneza Captain America: Civil War ya 2016, na Kiingereza cha ikulu ya Wakanda kikafuata rangi hiyo. Winston Duke, mzaliwa wa Tobago, alimpa M'Baku lafudhi yenye ladha ya Kiigbo. Mlima na mji mkuu wanatofautiana sikioni kabla hujaelezwa ugomvi wao. Kwenye kambi za chai, ambako Mkipsigis, Mkisii na Mluhya wanapanga foleni moja ya maji, mtu hujulikana atokako kabla hajamaliza salamu, kwa hiyo jambo hilo halikuhitaji msimulizi.

Kijana mmoja wa Bomet hakukubali hata kidogo. Kwake adui ni adui na staringi ni staringi. Ukimfanya adui mchekeshaji umemng'oa meno. Nilimkumbusha deni. T'Challa alimwachia M'Baku uhai pale maporomokoni, M'Baku akamhifadhi T'Challa kwenye theluji, kisha akatangaza kwamba wamelipana na jeshi hatoi. Mchekeshaji hapigi hesabu namna hiyo. Kijana akajibu kwamba mkulima anayengoja bonasi ya chai naye hupiga hesabu na bado si adui wa mtu. Sikuwa na jibu, na filamu ilikuwa imefika vitani.

Wajabari walipotokea, msimulizi alishika kipaza sauti, akafungua mdomo, akaufunga. Kibanda kizima kilikuwa kinabweka.