Sauti za Jazi: Wingi wa Kipawa na Uchache Wake

Neno jazi si geni katika Afrika ya Mashariki. Bendi za dansi zilizojiita Dar es Salaam Jazz, Western Jazz na Morogoro Jazz zililifanya neno la nyumbani, ingawa muziki wao ulikuwa na mwendo na asili nyingine. Katika makala haya nalitumia neno hilo kwa maana yake ya awali, yaani muziki uliozaliwa miongoni mwa watu Weusi wa Marekani, hasa katika mji wa New Orleans, karne ya ishirini ilipokuwa changa. Sikusudii kuwapanga waimbaji wake kwa daraja, huyu wa kwanza na yule wa pili. Nakusudia kuuliza swali moja tu: sauti ya mwimbaji wa jazi hukaa katika kumbukumbu za watu kwa sababu gani?

Jibu jepesi ni uzuri. Husemwa kwamba sauti pana, safi na yenye nguvu haisahauliki. Lakini jibu hili halisimami mbele ya Louis Armstrong, aliyezaliwa New Orleans mwaka 1901 akafa mwaka 1971. Sauti yake ilikwaruza kama changarawe chini ya kiatu. Kama usafi wa sauti ungekuwa ndio mizani, asingepokewa mlangoni. Hata hivyo waimbaji wengi waliomfuata walijifunza kwake. Mwaka 1926, alipoutia katika santuri wimbo uitwao Heebie Jeebies, aliyaacha maneno katikati akaimba silabi zisizo na maana. Hakuwa wa kwanza kufanya hivyo. Ubora wake ulikuwa katika kuimba kama alivyopuliza tarumbeta: alilichelewesha neno, akalikata, akalirudisha mahali ambapo msikilizaji hakulitazamia.

Msomaji aliyelelewa na mashairi atalielewa jambo hili upesi. Mtunzi wa utenzi hufungwa na mizani, na silabi moja ikizidi, ubeti huchechemea. Katika jazi mizani huwekwa na ngoma na besi, nayo haiyumbi. Lakini mwimbaji halazimiki kulitua neno juu ya pigo. Anaweza kulitanguliza kidogo au kulichelewesha kidogo, mradi ajue pigo lilipo. Palipo na nafasi hiyo ndogo, baina ya pigo na neno, ndipo pana uhuru wake wote. Na naona ndipo tunapomtambua.

Sasa na tuwatazame waliojaliwa kipawa kikubwa. Sarah Vaughan, aliyezaliwa Newark mwaka 1924 akafa mwaka 1990, alikuwa na sauti ambayo mwimbaji ye yote angeitamani. Iliweza kushuka katika kina cha sauti ya kiume na kupanda katika wembamba wa kike bila kuonyesha mahali pa kuungana. Tena alijua piano, na elimu ya muziki ilikuwa mikononi mwake. Lakini utajiri una hatari yake. Zipo nyimbo ambamo anaipamba noti hata neno linazama chini ya pambo, na msikilizaji hubaki kuistaajabia sauti asijue kilichosemwa.

Ella Fitzgerald, aliyezaliwa mwaka 1917 akafa mwaka 1996, aliikwepa hatari hiyo kwa njia yake. Alipanda jukwaa la mashindano ya Apollo huko New York mwaka 1934, akiwa kijana wa miaka kumi na saba aliyekusudia kucheza ngoma, mwisho akaimba. Matamshi yake yalikuwa dhahiri, na hisia yake ya mapigo haikuteleza. Mwaka 1960 mjini Berlin, mbele ya umati, aliyasahau maneno ya wimbo Mack the Knife. Hakusimama. Alibuni maneno mengine papo hapo, akacheka katika wimbo, akamwigiza Armstrong, akafika mwisho bila kupoteza pigo hata moja. Rekodi ya usiku ule ni miongoni mwa zile zinazopendwa sana katika kazi yake, na ilivyo ni ajabu: tunamkumbuka kwa wimbo alioukosea. Maneno yalimponyoka; wakati haukumponyoka.

Baada ya hao nakuja kwa Billie Holiday, maana kwake hoja yangu hupata mtihani mkali. Alizaliwa Philadelphia mwaka 1915, akafa New York mwezi wa Julai mwaka 1959, umri wake miaka arobaini na minne. Upana wa sauti yake ulizidi kidogo tu ngazi moja ya noti nane. Haikuwa sauti ya kujaza ukumbi, nayo ilihitaji kipaza sauti. Katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1956 alieleza kwamba alitaka ukubwa wa sauti ya Bessie Smith na hisia ya Armstrong. Ukubwa hakuupata, akafanya kazi kwa alichopewa. Katika santuri za mwaka 1937, akiwa na mpiga saksafoni Lester Young, huuchukua wimbo mwepesi wa sokoni, huupunguza hadi noti chache, na kila neno hulitua nyuma kidogo ya pigo, kama mtu anayefikiri kabla ya kusema. Mwaka 1939 alipoimba Strange Fruit, wimbo wa watu Weusi waliouawa na makundi na kutundikwa mitini Kusini mwa Marekani, hakulia wala hakupaza sauti. Alitamka. Kimya baina ya maneno kilifanya kazi iliyobaki.

Mwezi wa Februari mwaka 1958 aliimba nyimbo za Lady in Satin, akizungukwa na fidla nyingi. Sauti ilikuwa imechakaa kwa maradhi, ulevi na madawa. Pumzi hukatika, noti ndefu hutetemeka. Wahakiki waligawanyika, na mgawanyiko huo haujaisha. Wako wanaosema kwamba hapa hatusikilizi muziki tena bali tunahurumia maisha ya mtu, na kwamba laiti tusingeijua habari yake tungeizima gramafoni.

Hoja hiyo ni nzito na haifai kupuuzwa. Lakini upo ushahidi wa kuipima. Wimbo Fine and Mellow aliutia katika santuri mwaka 1939, akauimba tena katika televisheni mwezi wa Desemba mwaka 1957, Lester Young akiwa kando yake. Msikilizaji na aziweke rekodi mbili hizo pamoja. Katika ya pili sauti imeshuka na kukwaruzika, hilo halina ubishi. Lakini neno bado hutua pale alipolichagua yeye. Na palipopungua pumzi ameukata mstari mahali panapofaa maana. Kilichoharibika ni chombo. Akili iliyokiongoza ilikuwa nzima.

Kwa hiyo siiiti Lady in Satin kilele chake. Fidla zake ni tamu kupita kiasi, na santuri za mwaka 1937 zaipita kwa mbali. Lakini nakataa kuiita mabaki. Kumkumbuka mwimbaji huyu kwa huruma tu ni kumnyang'anya kazi yake, na kumhesabu kama jeraha lililoimba. Alikuwa fundi, na ufundi wake ulidumu kuliko sauti yake.

Basi jibu langu ni hili. Kipawa humfanya mwimbaji asikilizwe. Uamuzi wake juu ya neno na wakati humfanya akumbukwe. Sarah Vaughan alikuwa na mengi ya kuchagua, Billie Holiday alikuwa na machache, na Armstrong alikuwa na sauti ambayo wengine wangeificha. Kila mmoja hutambulikana kabla mstari wa kwanza haujaisha. Mwenye rai nyingine na aisikilize tena ile rekodi ya mwaka 1957, kisha aseme.