Mkono Mwepesi Kwenye Koo la Hewa

Mtu anayerudi nyumbani Kabianga akiwa na mrija wa kupumulia shingoni hupumua hewa isiyopita puani. Pua ndiyo huipasha hewa joto, ikailowesha na kuichuja. Mrija ukishaikwepa, baridi ya alfajiri ya mashamba ya chai, moshi wa kuni na vumbi la barabara ya murram huingia moja kwa moja hadi mapafuni. Makohozi hukauka na kuganda. Kwa hiyo anayemuuguza humfunika shingo kwa kitambaa chepesi chenye unyevu, huutoa mrija wa ndani, huusafisha na kuutazama kwenye mwanga kabla ya kuurudisha. Utepe unaoushikilia mrija anaupima kwa kidole: kimoja kipite chini yake, basi.

Sichoki kuutazama ufundi huu. Angalia muuguzi hodari anavyovuta makohozi. Kipira chake cha kuvutia ni chembamba, hakizidi nusu ya upana wa mrija, na hukiingiza kwa urefu wa mrija tu, bila kuvuta. Anavuta akikitoa, kwa sekunde 10 hadi 15, kisha anamwacha mgonjwa apumue. Asiyejua hukisukuma mpaka kigonge nyama, akavuta mpaka damu itoke, akadhani amesafisha.

Lakini ujuzi ninaoustahi kuliko wote hauonekani kabisa. Mgonjwa aliyeumia kichwa katika ajali ya bodaboda akikaa majuma kwenye mashine ya kupumulia, ndani ya koo lake mrija huwa na puto dogo linaloziba hewa isivuje. Presha ya puto hilo inatakiwa ibaki kati ya sentimita 20 na 30 za maji. Likijazwa kupita hapo, damu hushindwa kufika kwenye utando wa koo. Utando hufa, gegedu hubaki wazi na kuoza, kisha kovu hujikaza kama kamba. Joel Cooper na Hermes Grillo waliuonyesha mwendo huo wa madhara mwaka 1969, na maputo laini ya presha ndogo yakafuata. Hata mahali pa kutoboa pana hatari yake: Chevalier Jackson alionya mwaka 1921 kwamba tundu likitobolewa juu mno, karibu na zoloto, huacha koo jembamba. Muuguzi wa zamu ya usiku anayeshika kipimo badala ya kulibonyeza puto kwa vidole na kukisia anaokoa koo ambalo hakuna atakayejua liliponea wapi.

Kovu halina haraka. Mrija umeshatolewa, tundu limeziba, mtu amerudi shambani. Majuma au miezi baadaye anapanda mteremko na kapu mgongoni, pumzi inamwishia. Koo likibaki na upana wa milimita 8 hivi, hushindwa kupumua akifanya kazi. Likifika 5, hushindwa hata akiwa ameketi. Mara nyingi huambiwa ni pumu, akapewa dawa ya kuvuta isiyomfaa. Daktari makini huuliza kwanza kama aliwahi kuwekwa mrija, halafu huhamisha chombo chake cha kusikilizia kutoka kifuani hadi shingoni, kwa sababu mlio wa koo lililobanwa husikika kwa nguvu pale. Swali moja na inchi chache za kusogeza mkono: hapo ndipo wengi wamepona au wamepotea.

Kovu likishakomaa, kazi huenda kwa mpasuaji wa kifua au wa koo. Bomet kuna hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa mwaka 1937, ambayo watu wa huku wameizoea kwa upasuaji wa saratani ya umio, jirani wa karibu kabisa wa koo la hewa. Kukata sehemu iliyobanwa na kuunganisha ncha mbili ni kazi ya kuhesabu kila milimita. Koo la mtu mzima lina urefu wa sentimita 11 hivi, na kwa mtu aliyefaa huweza kupunguzwa hadi karibu nusu. Mpasuaji hulilegeza mbele na nyuma, lakini pembeni huligusa kidogo iwezekanavyo, kwani damu hulifikia kutoka pembeni, na mishipa ya fahamu ya sauti hupita hapo. Mtoa usingizi humpitishia mgonjwa hewa kwa mrija uliowekwa ndani ya jeraha lenyewe, akiutoa na kuurudisha kati ya mishono. Mwisho, kwa wengi, kidevu hushonwa kifuani kwa uzi mnene ili kichwa kisiinuke na kuvuta mshono. Uzi hukatwa baada ya wiki moja hivi, na mpasuaji huingiza darubini kuutazama mshono kabla ya kumruhusu mtu kwenda zake.