Seti ya 9 kwenye gitaa fupi

Wimbo wa tatu ulikuwa umeshaharibika kabla tumba hazijalia. Mpiga solo aliiweka chini Stratocaster yake, akachukua gitaa la skeli ya inchi 24, akashusha nusu toni ili mwimbaji asikwame juu, kisha akaanza kucharaza akiwa na seti ileile ya 9. Waliotoka ukumbini wakimlaumu fundi mitambo wamemwonea. Hakuna kitufe cha kukaza nyuzi zilizolegea.

Tupige hesabu. Uzi wa kwanza wa geji 9 kwenye inchi 25.5, ukituniwa E, unabeba takriban kilo 5.9. Ufupishe hadi inchi 24 na mkazo unapungua kwa karibu asilimia 11, maana urefu unaingia kwenye hesabu kwa mraba. Shusha nusu toni, na asilimia 11 ya kilichobaki inaondoka tena. Unabaki na kilo 4.7. Uzi wa sita, ule wa 42, unatoka kilo 6.7 hadi 5.3.

Mliokaa mbele mliuona huo uzi wa sita ukiyumba kama kamba ya kuanikia nguo kila alipoupiga kwa nguvu, ukigonga freti. Noti ilianza juu, kisha ikashuka kujitafuta. Kodi ya kwanza ya ubeti iliingia kali, na si kwamba hakutuni. Alituni vizuri, tulimwona. Vidole vyake vimezoea mkazo wa Stratocaster, na uzi uliolegea ukibanwa kwa nguvu hiyohiyo unapanda juu ya noti yake. Ilipofika sebene akauvuta uzi wa tatu, akapitiliza. Akauvuta tena, akapitiliza tena. Mkono ulikuwa ukifanya kazi sahihi kwenye nyuzi zisizo sahihi, na inauma kumwona mpigaji wa kiwango kile akionekana mwanafunzi.

Besi ilikuwa safi usiku kucha, na tarumbeta ziliingia kwa wakati.

Dawa ilikuwepo. Angefunga seti ya 10 hadi 46 kwenye gitaa hilo fupi, uzi wa kwanza ungerudi kilo 5.8 hata baada ya kushusha nusu toni. Vidole visingejua kwamba gitaa limebadilishwa. Lakini maduka yetu, na hili nimelipigia kelele hapa mara nyingi, yanajaza seti za 9 ukutani na muuzaji hakuulizi gitaa lako lina skeli gani. Kijana ananunua kilichopo, na wakubwa zake kwenye bendi hawamwambii kitu.

Wakongwe hawakuwa hivyo. Stevie Ray Vaughan alishusha nusu toni vilevile, tena kwenye Stratocaster ya inchi 25.5, akafunga nyuzi za 13. Wakongo walifikiri uzi kwa uzi: kwenye gitaa la mi-composé waliondoa uzi wa nne mnene, wakaweka mwembamba unaotuniwa oktava ya juu, kwa sababu ule mnene usingeweza kufika huko. Rudini pia kwenye ridhimu ya Omar Shabani katika "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Kila pigo limesimama peke yake, halimegwi na linalofuata. Ridhimu ya namna hiyo inataka uzi unaorudi mahali pake mara moja.

Najua kuna atakayenitajia Tony Iommi, aliyeshusha toni moja na nusu kwenye albamu ya "Master of Reality" mwaka 1971, tena kwa nyuzi nyembamba. Iommi alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani. Alihitaji ulegevu ule, na akajenga muziki mzima wa taratibu na mzito juu yake. Dansi letu halina nafasi hiyo. Solo na ridhimu zinapishana kwenye noti fupifupi, na moja ikiyumba zote mbili zinageuka uji, kama tulivyosikia hadi kiitikio cha mwisho.

Mpiga solo wetu akifunga seti ya 10, nati itahitaji kupitishwa tupa kidogo, hasa upande wa nyuzi nene, na chuma cha shingoni kikazwe kidogo kwa sababu mkazo mpya utaipinda shingo mbele. Fundi yeyote wa magitaa anaiweza kazi hiyo. Hadi ifanyike, gitaa lile fupi libaki nyumbani.