Si Kombe la Mbuzi

Kila mtu anaponiambia kuwa Challenge ni kombe la mbuzi, mimi humtajia jina moja: Feisal Salum. Katika AFCON ya 2019 kule Misri, Fei Toto alikuwa kwenye kikosi cha Taifa Stars. Desemba 2017, nchini Kenya, alikuwa kwenye kikosi cha Zanzibar Heroes, katika mashindano ambayo Zanzibar iliifunga Tanzania Bara 2-1. Niambie, ni kombe gani jingine kubwa linaloweza kutupa habari ya namna hiyo?

Nasoma shahada ya uzamili, na wenzangu wengi wanaijua ligi ya Uingereza kuliko wanavyowajua majirani zetu. Hoja zao dhidi ya Challenge nazijua kwa moyo. Haimo kwenye kalenda ya FIFA, kwa hiyo klabu za nje hazilazimiki kuwaachia wachezaji. Makocha huitumia kujaribu vijana. Waandishi nao huiita "maandalizi", kana kwamba mechi haina maana mpaka iwe ngazi ya kupandia kwenye mechi nyingine.

Hoja hizo ni za kweli, lakini zinapima kitu kwa mizani isiyo yake. Michuano hii ilianza mwaka 1926 kama Kombe la Gossage, jina la mtengeneza sabuni wa Uingereza, ikiwa ni Kenya na Uganda tu. Tanganyika na Zanzibar zikajiunga katika miaka ya 1940. Maana yake, Zanzibar ilikuwa na timu kwenye kombe hili kabla ya uhuru, kabla ya Mapinduzi na kabla ya Muungano. Kombe lilibadilishwa jina, bendera zikabadilika, timu ikabaki.

Kwingineko haikubaki. FIFA haiitambui Zanzibar. Machi 2017 CAF iliipokea kama mwanachama wa 55, watu wakashangilia. Julai mwaka huohuo ikaiondoa, kwa maelezo kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Miezi mitano baadaye timu hiyohiyo iliyofutwa iliitoa Uganda katika nusu fainali, ikasawazisha mara mbili dhidi ya wenyeji Kenya katika fainali iliyoisha 2-2 pale Machakos, ikashindwa kwa penalti 3-2. Hayo yalikuwa maandalizi ya nini? Hapakuwa na AFCON wala Kombe la Dunia la kuwasubiri. Kwa vijana wale Challenge ndiyo ilikuwa kilele, kama ilivyokuwa kwa kaka zao waliolitwaa kombe mwaka 1995 huko Uganda.

Ndiyo maana kosa ninaloliona kwenye Challenge si udogo wake. Kosa ni kutoaminika kwake. Mwaka 2018 haikufanyika. Ikarudi Uganda mwaka 2019. Ilipofika 2021, nchini Ethiopia, ikachezwa na vijana wa chini ya miaka 23. Bara likikosa Challenge, Taifa Stars bado ina mechi za kufuzu. Kenya na Uganda vilevile. Zanzibar ikiikosa, jezi inakunjwa na kurudishwa kabatini mpaka itakapoalikwa tena.

Wapo wanaosema Bara kucheza na Visiwani ni kuchochea utengano. Mimi naona kinyume. Ndugu wanaocheza bao barazani hawavunji ukoo. Kinachovunja ukoo ni mmoja kunyimwa nafasi ya kukaa kwenye bao. Kwa dakika tisini Challenge huruhusu swali ambalo siasa zetu hulizungukazunguka liulizwe waziwazi, kisha refa anapuliza filimbi na wachezaji wanabadilishana jezi.

Kama viongozi wa CECAFA wanataka kulikuza kombe hili, wasianze na zawadi nono wala timu alikwa kutoka mbali. Waanze na tarehe. Waiweke kwenye kalenda na wasiiguse.