Kumbukumbu Iliyofutwa: Bunilizi ya Kisayansi ya M. G. Vassanji kwa Msomaji wa Kisumu

Makala haya yanachunguza Nostalgia (2016), bunilizi ya kisayansi ya M. G. Vassanji, kwa kuihusisha na safari ya mtunzi wake. Ni rahisi kuichukua riwaya hii kuwa mchepuko katika kazi zake. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba inaendeleza suala lililomshughulisha tangu mwanzo: nani huibeba kumbukumbu ya mhamiaji, na kwa gharama gani?

Vassanji alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akalelewa Dar es Salaam, akasomea fizikia ya nyuklia Marekani, kisha akahamia Kanada mwaka 1978. Katika The Gunny Sack (1989), kumbukumbu imo guniani: inashikika, ina vumbi, ina wenyewe. Katika The In-Between World of Vikram Lall (2003), inabebwa na reli. Babu wa msimulizi ni miongoni mwa vibarua wa Kihindi walioijenga njia iliyofika Kisumu, wakati huo Port Florence, mwaka 1901. Vibarua takriban 32,000 waliletwa. Karibu 6,700 walibaki. Kwa msomaji wa Kisumu, hiyo si tamathali. Ni historia ya mji wake. Lall yuko mafichoni Kanada, lakini angali anasimulia.

Katika Nostalgia usimulizi huo unakatizwa. Watu wa Toronto ya baadaye hurefusha maisha kwa kufutiwa kumbukumbu na kupandikizwa nyingine za kubuni. Daktari Frank Sina huwatibu wale ambao ya kale huwavujia. Hapa sayansi inatenda waziwazi kile ambacho nchi ya ugenini humdai mhamiaji kimyakimya: asahau alikotoka ndipo akubaliwe.

Hata hivyo, riwaya ina udhaifu wake. Ng'ambo ya mpaka iko Maskinia, nchi ya ufukara na vita. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa jina hilo. Bila shaka linakejeli jicho la matajiri. Lakini Maskinia haisawiriwi kwa umahususi ambao Vassanji aliipa Dar es Salaam au Nakuru. Aghalabu huonekana kwa mbali, kama katika ripoti za mwanahabari Holly Chu.

Je, usahaulifu unaoshutumiwa na riwaya haujaigusa riwaya yenyewe? Swali hili haliipunguzii thamani. Linaonyesha kwamba uhakiki wake hauwezi kuachiwa Toronto peke yake; wanaoishi reli ilikoishia nao wana kumbukumbu ya kuipimia.