Mcheza Kwao na Mwimba Ugenini

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii husemwa harusini na ngomani, pale mchezaji anapotuzwa na jamaa zake wenyewe. Lakini katika historia ya uimbaji wapo waliocheza kwao wakanyimwa hata pa kulala, wakavuka bahari na kutunzwa ugenini. Hao ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Fisk, mjini Nashville katika jimbo la Tennessee, Marekani, waliojulikana kwa jina la Jubilee Singers. Ziara yao inafaa kutazamwa na kila anayependa ushairi wa kuimbwa, maana inaibua suala ambalo mashairi ya Pwani nayo yanalo: je, utungo ukitolewa barazani kwake na kupandishwa jukwaani mbele ya wageni, unabaki kuwa ule ule?

Chuo cha Fisk kilifunguliwa mwaka 1866 kwa ajili ya watu waliotoka utumwani, muda mfupi tu baada ya katiba ya Marekani kuupiga marufuku utumwa. Madarasa yake ya mwanzo yalikuwa mabanda ya hospitali ya jeshi, na muda haukupita mrefu chuo kikazama katika madeni. Mtunza fedha wake, George White, ambaye pia alifundisha kuimba, akaamua kuchukua wanafunzi tisa, wengi wao wakiwa wamezaliwa utumwani, azunguke nao kutafuta fedha. Waliondoka Nashville tarehe 6 Oktoba 1871. White ndiye aliyewapa jina, akilichukua kutoka Agano la Kale, katika habari za yubile, yaani mwaka wa hamsini ambao watumwa huachwa huru.

Jambo ambalo aghalabu husahauliwa ni kwamba vijana hao hawakuondoka na nia ya kuimba nyimbo za wazee wao. Walijiandaa kwa nyimbo za Kizungu, ili waonyeshe kuwa wao nao wamesoma. Ella Sheppard, aliyekuwa mpiga piano wao na nguzo ya kundi, alieleza baadaye kwamba nyimbo za utumwani hawakuwa wakiziimba hadharani. Zilikuwa amana ya wazazi, nyimbo za ibada, na zilibeba kumbukumbu ya maisha waliyotaka kuyasahau. Kulikuwa na sababu nyingine pia ya kusita. Wakati huo Wazungu waliojipaka masizi usoni walikuwa wakijaza kumbi kwa kuwakejeli watu weusi. Mwafrika aliyepanda jukwaani alitarajiwa achekeshe.

Mwezi wa Novemba 1871, huko Oberlin katika jimbo la Ohio, waliimba wimbo wa utumwani mbele ya mkutano wa viongozi wa kanisa, na ukumbi wote ukawanyamazia. Tangu hapo mpangilio ukageuka: nyimbo za watumwa zikawa ndizo kiini, na zile za Kizungu zikawa kitoweo.

Msomaji aliyelelewa na ushairi wa Kiswahili hatapata taabu kuzielewa nyimbo hizo, kwani zimejengwa juu ya fumbo. Firauni na Nabii Musa anawajua. Anayeimba habari za Misri anaimba Misri, lakini pia anamwimba bwana wake aliyeketi barazani akimsikiliza bila kushuku. Mto wa Jordan ni mauti, na papo hapo waweza kuwa mto wa kweli unaovukwa usiku kwenda kwenye uhuru. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Muyaka bin Haji wa Mombasa katika mambo ya siasa ya zama zake: neno moja kwa masikio mawili. Tofauti ni kwamba Muyaka alijibizana na washairi wenziwe, ilhali mtumwa alificha maana ili aokoe ngozi yake.

Mwaka 1873 kundi liliingia Uingereza. Mwezi wa Mei waliimba London mbele ya watukufu, na Malkia Victoria mwenyewe akawasikiliza. Tarehe hizo zina uzito wa pekee kwa msomaji wa Zanzibar, kwani tarehe 5 Juni ya mwaka huo huo, kwa shinikizo la Uingereza hiyo hiyo, Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la mjini Unguja likafungwa. Kwa hiyo watu wa London walikuwa wakitokwa na machozi kwa nyimbo za watumwa wa ng'ambo moja ya Afrika, wakati hatima ya watumwa wa ng'ambo ya pili ikijadiliwa kwenye karatasi. Wa huko walikuwa na sauti ukumbini. Wa huku walikuwa idadi tu katika ripoti.

Sasa uzuri wa uimbaji ule upimwe kwa mizani gani? White aliwafundisha kuimba kwa sauti ya chini, laini, iliyoshikamana, na hilo lilikuwa chaguo lenye maana. Mbele ya hadhira iliyozoea vichekesho, utulivu ulikuwa namna ya kudai heshima. Theodore Seward aliziandika nyimbo zao kwa nota na kuzichapisha mwaka 1872, na kwa hivyo zikaepuka kupotea. Lakini miaka mitano kabla yake, wahariri wa mkusanyiko mwingine wa nyimbo za watumwa walikwisha kukiri kwamba nota hazitoshi kuzinasa sauti zile zinavyopanda, kushuka na kupishana.

Wajuzi wawili walikuja kugawanyika juu ya jambo hili. W. E. B. Du Bois, aliyesoma Fisk, aliandika mwaka 1903 kwamba katika nyimbo hizo mtumwa aliusemesha ulimwengu. Zora Neale Hurston alipinga mwaka 1934: kinachoimbwa na kwaya za kumbini, alisema, si nyimbo zenyewe bali ni tungo mpya zilizotokana nazo, kwani wimbo wa asili hauimbwi mara mbili kwa namna moja, na hauna haja ya sauti zilizopangwa.

Kwa upande wa sanaa, hoja ya Hurston ina nguvu zaidi. Wimbo wa mwito na kiitikio haumjui msikilizaji. Kila aliyepo huitikia. Jukwaa huligawa kundi hilo mara mbili, wachache waimbe na wengi wanyamaze. Aliyewahi kuketi katika maulidi ya homu mtaani, kisha akayaona yakionyeshwa kwa nusu saa kwenye tamasha, anaijua hasara hiyo bila kuelezwa. Hata hivyo, Hurston hakutoa jibu kwa swali la Du Bois: bila jukwaa, nani nje ya shamba angalijua kwamba mtumwa alikuwa mshairi? Uholanzi na Ujerumani, ambako kundi lilifika katika miaka ya 1877 na 1878, wengi hawakuyaelewa maneno, na bado walijaza kumbi.

Kosa la ziara ile halikuwa katika muziki. Lilikuwa katika hesabu. Fedha za safari zilijenga Jubilee Hall, jengo la fahari lililozinduliwa mwaka 1876, ambalo lingaliko. Lakini wengi wa waimbaji wa mwanzo hawakumaliza masomo yao. Miaka yao ya darasani iliishia njiani, na kundi likavunjika mwaka 1878 likiwa limechoka. Thomas Rutling alibaki Uingereza hadi kufa kwake. Vijana waliimba ili wengine wasome. Kwaya ya Fisk ingali hai, na mwaka 2021 ilipata tuzo ya Grammy. Sifa hizo ni haki yao, ila hazifuti deni hilo.

Pwani nayo ina safari ya kulinganishwa na hiyo. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba ambaye waungwana wa mjini walimdharau kwa nasaba yake, alivuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili, na santuri zake zikarejea kumtukuza kwao. Lakini Siti alikuwa mmoja. Nyimbo za waliochuma karafuu na kubeba mizigo kabla yake hazikupata Seward wala Sheppard. Baadhi yake zimo bado katika ngoma za unyago, harusi na mavuno za Unguja na Pemba, midomoni mwa bibi wazee, zikiimbwa na wanaozijua kwa moyo na kuitikiwa na wasiojua tena maana ya mafumbo yake. Kazi ya kuziandika, pamoja na maana zake na majina ya wanaozitoa, haihitaji ukumbi wa London. Inahitaji mtu wa kwenda kuketi nao.